Maswali ya Wasomaji: Gari Linalofaa Kuvuta Trela la Glaida

SWALI: Mhariri, mimi na wenzangu wawili tumenunua kwa ubia glaida (ndege isiyo na injini) ya kiti kimoja, yenye mabawa ya mita 15, pamoja na trela lililofunikwa la kuibebea. Gari nililo nalo ni dogo, lenye injini ya lita 1.2, na wenzangu wananihimiza niliuze ninunue gari la juu, linalosukumwa na magurudumu yote manne, lenye injini kubwa. Mimi naona gari la namna hiyo litanielemea katika matumizi ya kila siku, kwa kuwa trela nitalivuta mara chache tu kwa mwaka. Je, injini kubwa ni ya lazima? Na nikienda kutafuta gari, nianze kuangalia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamesema kweli kwamba gari lako halifai, ila sababu waliyoitoa siyo. Nguvu ya injini ni ya kuangaliwa, lakini haitangulii. Trela la glaida ni refu, jembamba na la chini, na ukilinganisha na urefu wake si zito, kwa hiyo injini ya kawaida ya siku hizi hulivuta bila taabu kwenye barabara tambarare. Linalotenganisha gari linalofaa na lisilofaa ni uwezo wa gari hilo kulitawala trela: lisiyumbishwe nalo upepo unapopiga ubavuni, lori kubwa linapopita kwa kasi, au dereva anapolazimika kushika breki katikati ya kona ya mteremko.

Kwa hiyo usianze na gari, anza na trela. Glaida ya aina yenu, ikiwa tupu, huwa na uzito wa kilo 230 hadi 270 hivi, na trela lililofunikwa lenye chesisi ya chuma kwa kawaida huwa zito kuliko glaida yenyewe, mara nyingi maradufu. Ongeza miamvuli ya kujiokolea, betri, vifuniko, vifaa vya kukokotea glaida uwanjani na lile sanduku la vifaa ambalo kila mwaka linazidi kuwa zito, na jumla yake inaweza kufika kilo 900 kabla hamjajua. Msikubali kukadiria. Lipelekeni trela likiwa limepakiwa kila kitu kwenye mizani ya malori, mwandike namba mtakayoipata, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Ukishaipata namba hiyo, tafuta kibati cha mtengenezaji, ambacho katika magari mengi hubandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Katika magari yaliyotengenezwa kwa masharti ya Ulaya utakuta uzito wa aina nne: uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na abiria na mizigo, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, kisha uzito wa juu wa ekseli ya mbele na ule wa ekseli ya nyuma. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuvuta gari lenyewe likiwa limejaa. Ikiwa namba ya pili haipo, mara nyingi maana yake ni kwamba gari hilo halikuidhinishwa kuvuta chochote, hata kama muuzaji amelifungia chuma cha kuvutia na kukupa maneno matamu. Kitabu cha gari kitakueleza pia uzito wa trela lenye breki na wa lisilo na breki, na namba hizo mbili hupishana sana.

Juu ya masharti hayo kuna kanuni ambayo si sheria, lakini imekuwa ikifuatwa kwa miaka mingi na wanaovuta nyumba za magurudumu huko Uingereza: uzito wa trela usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu. Kwa trela la kilo 900, unahitaji gari lisilopungua kilo 1,060 hivi. Gari dogo la injini ya lita 1.2 mara nyingi lina uzito wa kilo 1,000 au pungufu, yaani linakaribia kulingana na trela lenyewe. Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Siku ya utulivu utasafiri salama na kudhani wenzako wamekutisha bure. Siku ya upepo wa ubavuni ndipo utakapojua ni nani anayemvuta mwenzake.

Kutoka hapo hadi kwenye gari kubwa la juu kuna nafasi pana, na sioni sababu ya kuiruka. Stesheni wagoni ya kawaida, yenye kilo 1,300 hadi 1,500, ina sifa ambazo magari mengi ya juu hayana. Magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana vya kutosha, hivyo haligeuzwi kirahisi na msukumo wa kutoka nyuma. Liko chini, matairi yake si marefu ya kubonyea ubavuni, na nyuma yake kuna nafasi ya vitu ambavyo havipaswi kuwekwa ndani ya trela. Unapolikagua, simama ubavuni mwake upime kwa macho umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi pale trela litakapofungwa: kadiri umbali huo unavyokuwa mfupi, ndivyo trela linavyokosa mkono wa kulisukuma gari kushoto na kulia. Gari la juu lililo fupi, lenye springi laini, huweza kuwa na injini ya kutisha na bado likashindwa katika jambo hili.

Sasa nije kwenye namba ambayo marubani wengi huisahau, nayo ni uzito unaokandamiza kichwa cha kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kiungo cha trela hufungwa juu yake. Trela linapaswa kulemea mbele kidogo. Likilemea nyuma, litaanza kuyumba, na halitasubiri mwendo mkubwa. Magari mengi ya wastani huruhusu kilo 50 hadi 100 mahali hapo, na trela nalo lina kikomo chake. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Kupima ni kazi ya dakika chache. Egesha trela penye sakafu tambarare, zuia magurudumu kwa vigingi, kisha weka chini ya kiungo mizani ya kawaida ya kupimia watu, na juu ya mizani kipande cha mti chenye urefu unaolifanya trela likae sawasawa kama litakavyokaa likiwa limefungwa kwenye gari. Pandisha gurudumu dogo la mbele hadi uzito wote wa mbele uwe juu ya mti huo, usome. Kwa kuwa mabawa na kiwiliwili cha glaida vina sehemu zake maalumu na haviwezi kusogezwa, marekebisho hufanywa kwa kuhamisha betri na vifaa. Chagua gari linaloweza kubeba uzito mtakaoupata, halafu msilazimike tena kubahatisha.

Kuhusu gari la kusukumwa na magurudumu manne, jiulize mnatua wapi. Rubani anayesafiri mbali na uwanja, ambaye mara kwa mara hewa inayopanda ya kumbeba humwishia na kumlazimu atue shambani, atahitaji gari linaloingia kwenye majani yaliyolowa na kutoka na trela nyuma yake. Uzito unaokandamiza kichwa cha kuvutia hupunguza mshiko wa magurudumu ya mbele, na gari linalosukumwa na magurudumu hayo peke yake huweza kuanza kuzungusha matairi bure mlangoni mwa shamba, giza likiingia. Iwapo hayo ndiyo maisha yenu ya urukaji, magurudumu manne yana faida ya kweli, na yanapatikana hata kwenye stesheni wagoni. Iwapo mnaruka karibu na uwanja, msiyalipie.

Injini nimeiweka mwisho kwa makusudi. Tafuta yenye nguvu ikiwa inazunguka polepole, jambo ambalo injini za dizeli na za petroli zenye turbo hulifanya vizuri. Kama uwanja wenu uko milimani, kumbuka kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa gari la gia za mkono, jaribu kulirudisha nyuma taratibu kwenye kilima kabla ya kulinunua. Kama gia ya nyuma ni ya kasi mno, utaishi ukiunguza klachi kila mnapopanga matrela uwanjani.

Lipo pia suala la leseni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, leseni ya daraja B, yaani ya magari madogo, inaruhusu trela lisilozidi kilo 750, au zito zaidi ya hapo iwapo gari na trela kwa pamoja havizidi kilo 3,500. Kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioidhinishwa, si ule uliopakia siku hiyo. Nchi nyingine zina masharti yao, na ni busara kuyasoma kabla ya kulipa pesa za gari.

SWALI: Trela letu la glaida ya viti viwili huanza kucheza kushoto na kulia tukifika kilomita 90 kwa saa, ingawa gari tulilonunua ni zito na uzito wa mbele tumeupima ukawa sawa. Kuna kifaa cha kuzuia hali hiyo?

JIBU: Kipo, lakini kwanza angalieni matairi ya trela. Matrela ya glaida hukaa miezi mingi bila kutembea, na tairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nene. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya utengenezaji, ambayo tarakimu zake nne za mwisho huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014, na tairi la umri huo ningelitupa leo. Hakikisheni pia upepo unafikia kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa trela, kwani tairi laini huruhusu trela kuyumba.

Baada ya hapo mnaweza kufunga kiungo chenye vibana vya msuguano, ambavyo hukikaza kichwa cha kuvutia na kupunguza mchezo. Kiungo hicho hakitaki grisi hata kidogo, na hata rangi iliyopakwa kwenye kichwa kipya lazima ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Vilevile, kama chuma cha kuvutia kilifungwa na fundi wa mtaani, muulizeni iwapo aliijulisha kompyuta ya gari. Magari mengi ya sasa yana programu inayoshika breki ya gurudumu mojamoja ili kutuliza trela linaloyumba, lakini haifanyi kazi ikiwa gari halijui kwamba kuna trela nyuma yake.

Na kama trela likianza kucheza mkiwa njiani, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka na auache mwendo ushuke wenyewe. Asijaribu kufukuzana na trela kwa usukani, na asiongeze mafuta akitarajia kulinyoosha. Kila mchanganyiko wa gari na trela una mwendo ambao ukiuvuka, mtikisiko hukua badala ya kufifia. Wenu mmeshauona, basi mpaka hayo yote yarekebishwe, endesheni chini yake kwa mbali.

SWALI: Je, gari la umeme linaweza kuvuta trela la glaida?

JIBU: Linaweza, mradi mtengenezaji ameliidhinisha, kwani baadhi ya magari ya umeme hayaruhusiwi kuvuta kabisa. Yale yanayoruhusiwa ni mazito, uzito wake umekaa chini sakafuni, na nguvu zake huanza mara tu unapogusa pedali. Sifa hizo zote zinalifaa trela refu. Umbali wa safari utapungua, ila trela la glaida, kwa kuwa linajificha nyuma ya gari, halikamati upepo kama nyumba ya magurudumu. Ukipunguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa utaona tofauti kubwa, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Usumbufu mkubwa uko kwenye vituo vya kuchajia, ambavyo vingi vimejengwa kwa gari moja lililoingia kwa pua: utalazimika kulifungua trela, kuliegesha kando, kuchaji, kisha kulifunga upya. Panga safari ukitumia vituo ambavyo gari huingia upande mmoja na kutokea mwingine, na uwe na kufuli la kiungo kwa ajili ya vile visivyokuwa hivyo.