Rufaa ya kibali cha ujenzi ikikataliwa Uingereza, angalia tarehe kwanza ndo ukasirike

Imeli iliingia Jumatano saa nne asubuhi niko kazini, nikaifungua kwenye simu nimesimama koridoni. Chini ya anwani yetu kulikuwa na mstari mmoja tu mzito, rufaa imetupiliwa mbali. Yaliyobaki sikuyasoma. Nilipita juu juu tu nikatafuta jina la inspekta, yule afisa anayeamua rufaa za ujenzi, manake kichwani nishaanza kumwandikia barua.

Naandika hii kwa sababu kwenye misiba na harusi zetu huku nakutana na watu wenye barua kama ile, na wote wanauliza swali moja, "nalalamika wapi?" Ndugu zangu, hilo ndo swali lililonipotezea muda mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Tunaishi katikati mwa England, nyumba imeungana na ya jirani upande mmoja. Bimkubwa alihamia kwetu, magoti yake ni mabovu, tukaomba kibali kuongeza nyumba kwa nyuma, mita 4, chini na juu. Kaunsili wakakataa, wakasema itamzibia jirani mwanga. Tukakata rufaa, na kwa nyumba ya mtu binafsi una wiki 12 tu tangu ukataliwe, ada hakuna, ila hoja zako zote uziweke siku ileile ya kwanza kwa sababu baadaye hupewi nafasi ya kuongeza maneno. Hilo wengi hawalijui, wanabakiza hoja nzuri wakidhani kuna siku wataitwa kujieleza.

Siku inspekta anakuja Bimkubwa kaamka alfajiri kapika maandazi na chai ya tangawizi, kavaa kanga mpya kabisa. Inspekta akashukuru, hakunywa, hakukaa. Alisimama bustanini akaangalia dirisha la jirani, akapima, akaandika, mi namfuata nyuma namwelezea habari ya magoti na ngazi, akanijibu kwa upole kwamba hawezi kuzungumzia kesi pale. Dakika ishirini kaondoka. Sisi kwetu mgeni akikataa hata maji unajua kuna neno, kwa hiyo barua ilipokuja nikaunganisha moja kwa moja: huyu alishaamua, alitudharau, hakutusikiliza. Malalamiko yangu ya kurasa 7 yalianzia hapo.

Baadaye ndo nikaelewa kwamba ile ziara ni ya kuangalia tu, si ya kusikiliza. Angekaa sebuleni kwangu akanywa chai huku namweleza, jirani angekuwa na haki kamili ya kulalamika kwamba upande mmoja ulisikilizwa peke yake. Bimkubwa mwenyewe nilipomweleza akasema basi yule ni mtu mwaminifu, na mi sina la kuongeza.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kuandika yale malalamiko na kusubiri jibu kulikula siku 31. Jibu lilikuwa la heshima, na kiini chake ni kwamba malalamiko hayawezi kugeuza uamuzi. Inspekta akishaamua, Planning Inspectorate yenyewe, ile ofisi ya serikali inayowatuma hao mainspekta, haiwezi kuufuta wala kuubadilisha, kazi yake kwenye suala lako imeisha. Malalamiko ni kwa mambo kama huduma, ucheleweshaji, mwenendo wa mtu. Kama kuna kosa dogo la kuandika, mfano namba ya mchoro imekosewa, hilo linaweza kurekebishwa ukiwahi kulitaja, lakini matokeo yanabaki palepale. Usiporidhika na jibu unaweza kupitia kwa mbunge wako kwenda Parliamentary and Health Service Ombudsman, ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya idara za serikali, na huko nako uamuzi wa rufaa haufutwi.

Anayeweza kuufuta ni Mahakama Kuu peke yake. Sheria ni Town and Country Planning Act ya 1990, kifungu cha 288, na muda ni wiki 6. Zinaanza kuhesabiwa siku inayofuata tarehe ya uamuzi, ile iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoisoma wala siku uliyojibiwa malalamiko. Kulalamika hakusimamishi saa. Usitegemee kuongezewa hata siku moja. Na kama kesi yako ni ile ya amri ya kubomoa au kuacha matumizi fulani, hapo kuna kifungu kingine cha 289 na muda ni mfupi zaidi, siku 28. Kwa hiyo mi nilipopata jibu nilikuwa nimebakiwa na siku 11, napiga simu kwa mawakili nikiwa kwenye gari wakati wa lanchi.

Wakili mmoja, mama mmoja mtulivu sana, akaniuliza swali moja tu, "inspekta alikosea sheria gani?" Nikaanza tena habari ya magoti na mwanga, akaniacha nimalize, halafu akaniambia hayo yote ni hoja za kutokubaliana naye, si kosa la kisheria. Mahakama haiangalii kama nyumba yako ni nzuri au jirani ana kelele. Inaangalia kama inspekta alielewa vibaya sera iliyoandikwa, au aliruka jambo muhimu lililokuwa mbele yake, au sababu zake hazieleweki, au aliamua kwa hoja ambayo hukupewa nafasi ya kuijibu. Uzito wa kila hoja ni wa kwake kupima, majaji wa mahakama ya juu kabisa walishalisema hilo kwenye kesi ya Tesco ya 1995 na mpaka leo ndo msimamo. Tena kwanza unaomba ruhusa ya jaji hata kesi kusikilizwa, ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama za upande wa serikali, na ukishinda jaji hakupi kibali! Anaufuta uamuzi, unarudi kuamuliwa upya, na inspekta mwingine anaweza kufika palepale kwa kuandika sababu vizuri zaidi. Hapo nilikaa kimya kwenye gari muda mrefu.

Sisemi watu wasiende mahakamani. Kuna maamuzi mabovu kweli, na kama una kosa linaloonekana kwenye karatasi nenda, tena wiki ya kwanza. Majirani pia, manake wao hawana haki ya kukata rufaa kibali kikitolewa, njia yao ni mahakama. Ninachosema ni kwamba wakili aione barua yako siku za mwanzo, na kama hela hakuna wapo Planning Aid England wanaotoa ushauri bila malipo. (Nazungumzia England tu, Scotland na Wales wana taratibu zao.)

Yule mama kabla ya kukata simu akaniambia kitu kingine: nenda kaisome barua yako, tafuta pale inspekta alipotaja suala kuu, halafu angalia alichokubali. Usiku ule nikaisoma kwa mara ya kwanza kweli, na peni mkononi, Bimkubwa pembeni anachambua mchele. Aya ya 9: tatizo ni ghorofa ya juu, urefu wake karibu na dirisha la chumba cha kulia cha jirani. Muonekano kwa barabarani alisema hauna shida. Ya chini hakuigusa kabisa. Yaani mwezi mzima nagombana na karatasi iliyokuwa inaniambia nijenge nini.

Na Bimkubwa ngazi hapandi! Chumba cha juu tulikitaka sisi, yeye alihitaji cha chini. Kwa nyumba kama yetu unaruhusiwa kuongeza kwa nyuma chumba cha chini mpaka mita 3 bila kuomba kibali, ukifuata masharti ya urefu na mengine, na kuna utaratibu wa kuwajulisha majirani unaoweza kukufikisha mita 6. Hiyo ikikufaa ni nafuu, kwa sababu ile nafasi ya kuomba tena bure baada ya kukataliwa ilifutwa Desemba 2023, na Aprili 2025 ada ya ombi la kupanua nyumba moja ilipanda ikawa pauni 528.

Sisi tulijenga mita 3. Kabla ya kuanza nilimpelekea jirani mchoro kwa mkono wangu, tukasimama chumbani kwake cha kulia tukaangalia lile dirisha pamoja, na kweli kwa ile ghorofa lingekuwa giza, nililiona kwa macho yangu. Chumba cha Bimkubwa kina mlango wa kutokea bustanini, hauna kizingiti. Asubuhi anatoka na kigoda chake anakaa juani, na huyo jirani ndo aliyemletea miche ya nyanya.