Hesabu Meno Kwanza, Ndipo Ununue Cheni

Siku niliyofunga cheni mpya kwenye baiskeli yangu ya mtumba, nilitoka kazini Industrial Area, Nairobi, nikijiona mfalme wa barabara. Uhuru Highway niliimaliza bila taabu. Mlima ulipoanza pale Museum Hill nikielekea Westlands, niliinuka kitini nikakanyaga kwa uzito wangu wote, na cheni ikaruka. Haikutoka, iliruka tu. Pedali ilishuka ghafla kama mtu aliyekosa kidato gizani, goti likagonga hendeli, na kondakta wa matatu iliyokuwa nyuma yangu akanipa ushauri ambao siwezi kuuandika hapa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba cheni ya zamani, pamoja na kutu yake na ulegevu wake wote, haikuwahi kuruka hivyo. Nilikuwa nimelipa pesa kuiharibu baiskeli.

Nilisukuma mpaka Kangemi kwa mzee anayetengeneza baiskeli karibu na stage. Hakugusa spana. Aliinama, akazungusha pedali kwa mkono, akacheka. "Kijana, umeweka meno mapya ya juu, ya chini umeacha yale ya kale. Utatafunaje?"

Alikuwa sahihi, na kila mwenye baiskeli ya mtumba anafaa kuelewa kwa nini. Tunasema cheni imerefuka, lakini chuma chenyewe hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu zinamozunguka. Kila pini ikilika kidogo tu, nafasi kati ya pingili inaongezeka. Cheni mpya ya baiskeli ina nusu inchi kamili kutoka pini hadi pini, yaani milimita 12.7, iwe ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, au ya baiskeli ya mashindano. Ikishapita hapo, haikai tena kwenye kina cha jino. Inapanda juu kidogo na kulisaga upande mmoja, mpaka jino linapinda kama ukucha wa kuku. Cheni mbovu na gia mbovu zinazoeana, zinaendelea kwenda pamoja miaka. Ukileta cheni mpya yenye kipimo sahihi katikati ya ndoa hiyo, inakataa kukaa. Ukikanyaga kwa nguvu inapanda ncha ya jino na kuruka.

Gia ndogo za nyuma ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu meno ni machache na kila jino linapata kazi nyingi. Gia za mbele zina meno mengi, huchakaa polepole. Ya kwangu ya mbele niliiacha, na mpaka leo haijanisumbua. Kwa hiyo fundi akikuambia ubadilishe kila kitu kuanzia mbele hadi nyuma kwa mpigo mmoja, mwombe akuonyeshe jino lililopinda.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua rula ya chuma yenye inchi. Vuta cheni ikaze, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha angalia kwenye inchi 12. Cheni isiyochakaa itakuwa na pini hapo hapo kwenye alama. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni sasa, na huenda gia zako zikaokoka. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi, usijidanganye, gia za nyuma pia zimekwenda. Kama una tepu ya fundi seremala, usianzie kwenye ile ndoano ya mwanzo kwa sababu inacheza. Anzia inchi 1 uishie inchi 13. Yangu niliipima baadaye, ile ya zamani niliyokuwa nimeitupa chini ya kitanda. Ilikuwa imepita hata hiyo moja ya nane. Rula ya shilingi mia ingeniokolea goti.

Sasa upana, ambao ndio unaowachanganya wengi, kwa sababu cheni zote zikiwa zimening'inia kibandani zinafanana. Urefu wa pingili ni ule ule. Upana ndio tofauti. Baiskeli isiyo na gia za kubadilisha, kama Mamba, kwa kawaida hutumia cheni pana, na pakiti yake imeandikwa 1/2 x 1/8, yaani inchi za pini hadi pini, kisha za upana wa ndani. Ya gia hutumia nyembamba, 1/2 x 3/32 au chini ya hapo. Ukiweka pana kwenye baiskeli ya gia nyingi itakwaruza gia za jirani. Na ukiweka nyembamba kwenye jino nene la Mamba, haishuki, inakaa juu ya jino kama kuku kwenye ua.

Halafu hesabu gia za nyuma. Za nyuma peke yake! Mtu anaambiwa "hii ni baiskeli ya gia 21", anaenda kuomba cheni ya gia 21. Hakuna kitu kama hicho. Ishirini na moja ni tatu za mbele mara saba za nyuma, na cheni inajali zile saba. Zikiwa 6, 7 au 8, cheni ni moja, upana wake wa nje ni karibu milimita 7. Kuanzia 9 kwenda juu gia zimebanana, kwa hiyo kila idadi ina cheni yake iliyo nyembamba kuliko iliyotangulia. Muuzaji mmoja alinipa ya 9 kwa baiskeli yangu ya 7 akisema nyembamba ni bora. Ni ghali zaidi tu. Ingezunguka, ndiyo, lakini huenda kubadilisha gia kusingekuwa laini. Kile kiungio cha haraka cha kufungia cheni nacho kifuate idadi hiyo hiyo, usikichomoe kwenye pakiti nyingine.

Baada ya hapo ilibidi nibadilishe gia za nyuma, na hapo ndipo nilipoteza Jumamosi nzima.

Kuna aina mbili, na kutoka nje zinafanana kama mapacha. Friwili inajiskurubu yenyewe kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na utaratibu wa kuzunguka nyuma bila kushika uko ndani yake. Kaseti ni gia tupu zinazoteleza juu ya mwili wenye mifereji ulioko kwenye habu, kisha zinafungwa na nati ya pete. Ukinunua moja badala ya nyingine umenunua uzito wa kuzuia karatasi zisipeperuke. Kutofautisha: toa gurudumu, tazama katikati ya gia ndogo, pale panapoingia kifaa cha kufungulia. Zungusha gia kinyumenyume. Ikiwa yale meno ya ndani yanayoshika kifaa yanazunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti. Yakitulia huku gia zikizunguka, ni friwili. Baiskeli nyingi za mtumba za gia 6 na 7 nilizokutana nazo zina friwili, lakini nisingeweka dau.

Yangu ilikuwa friwili, na friwili ina tabia mbaya: kila mlima unaopanda unaikaza. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipanda milima mingi. Kijana mmoja alijitolea kuipiga kwa patasi na nyundo, nikamkubalia kwa sababu ya haraka, na alichofanikiwa ni kula mifereji inamoingia kifaa. Usikubali. Mzee wa Kangemi alitumia njia yenye heshima: kifaa sahihi kikabanwa kwenye jiliwa iliyofungwa mezani, gurudumu likalazwa juu yake, tukalishika wawili kama usukani wa lori na kulizungusha kushoto. Ilitoa mlio ambao nilidhani ni habu imepasuka. Kumbe imeachia. Kabla ya kufunga mpya alipaka grisi kwenye nyuzi za skrubu za habu, na akanitazama kuhakikisha nimeona.

Unapochagua mpya, hesabu meno ya gia ndogo kabisa na kubwa kabisa ya ile ya zamani, andika kwenye kiganja. Yangu ilikuwa 14 hadi 28. Nilishawishika na ya 14 hadi 34, nikiwaza mlima wa Museum Hill. Mzee alikataa: mkono wa gia wa nyuma, ule unaosogeza cheni, una kikomo chake, na wangu ulikuwa mfupi, ungesuguana na gia hiyo kubwa. Idadi nayo isibadilike. Leva ya kubofya ya gia 7 inasogeza cheni milimita 5 kila mbofyo, wakati gia 8 zimeachana kwa 4.8. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uifike gia ya nne, hapo kelele zinaanza. Wenye leva za zamani zisizobofya hawana shida hii, na mimi huwaonea wivu.

Urefu wa cheni usiulinganishe na ya zamani kwa kuzining'iniza pamoja, maana moja imerefuka. Ukitaka kulinganisha, hesabu pingili. Lakini kwenye mtumba hata hesabu inaweza kukudanganya, kwa sababu hujui nani aliikata. Yangu ilikuwa fupi kupita kiasi, nadhani mtu aliwahi kutoa pingili iliyokatika akaunga hivyo hivyo. Njia ya uhakika: zungusha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, ivute ikutane, kisha ongeza inchi moja, yaani pingili nyembamba moja na pana moja. Kata hapo. Kata kwa kifaa cha kutolea pini, si msumari.

Jambo la mafuta nitalisema kwa ufupi kwa kuwa najua wengi hawatanisikia. Oili chafu ya gereji ni ya bure, na imejaa unga wa chuma. Ukiongeza vumbi la Nairobi unapata msasa wa maji. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, weka tone moja la oili safi kwa kila pingili, kisha ufute tena ile ya nje. Wakati wa mvua za masika mimi hufanya hivyo kila Jumapili.

Ile cheni mbovu ya chini ya kitanda sikuitupa. Niliipeleka Kamukunji, fundi wa jua kali akaichomelea kipande chake kwenye ubapa wa chuma wa urefu wa mkono. Ndicho kifaa cha kushikilia kaseti isizunguke unapofungua ile nati ya pete. Baiskeli yangu haina kaseti, lakini ya jirani inayo, na tangu hapo ananidai chai kidogo kuliko ninavyomdai mimi.