Kokwa za matunda damu

Mmetuuliza wiki hii: ni safari gani ya familia usiyoisahau, na katika maisha ya kila siku ni kitu gani kinakurudisha kwenye safari hiyo?

Kwangu ni sabuni ya mche. Nikiikata kwa kisu kule uani, kabla haijagusa maji, nanusa petroli. Najua petroli haimo. Nina miaka 48 sasa na bado nainusa.

Ilikuwa Desemba 1986, shule zimefungwa. Tulikuwa tunakaa Kinondoni. Baba alikuwa karani bandarini, Mama mwalimu wa shule ya msingi, sisi watoto watatu: kaka, mimi na mdogo wetu aliyekuwa bado anapakatwa. Gari letu lilikuwa Peugeot 504 ndefu, ile ya safu tatu za viti, ambayo mtaani wote waliiita Pijo. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika sana, na kila Desemba alitupeleka nayo kwao Usangi, juu ya milima ya Upare, mwendo wa kilometa 500 na ushee.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Baba hakupenda kuwa barabarani Jumapili. Alikuwa amepitia ile miaka ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na hata hali ilipolegea yeye aliendelea kuipanga safari vilevile. Mama alikuwa hajalala. Alikaanga kuku usiku, akachemsha mayai, akafunga chapati katika kitambaa cheupe na kuzipanga ndani ya bakuli la bati, akajaza chupa mbili za chai. Nyuma kulikuwa na mizigo ya Bibi: sukari, chumvi, mafuta ya taa, doti mbili za kanga, na miche minne ya sabuni iliyofungwa kwenye gazeti. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa tena wakati ule, lakini kule mlimani mche wa sabuni ulikuwa bado zawadi ya heshima.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Baba, maana bila hilo safari haieleweki. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Alirudi kazini, akaoga, akala, akasikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania, akalala. Tukimsalimia alituitikia, tukileta daftari alisahihisha kwa kalamu nyekundu, basi. Lakini akishika usukani na Kibaha ikishapita, alianza kusimulia, na hakunyamaza mpaka mlimani. Mimi nilikaa katikati ya kiti cha pili, viwiko vyangu juu ya kiti chake, nikasikia kila neno. Nilikuwa nasubiri mwaka mzima kwa ajili ya saa zile kumi na mbili.

Alisimulia kwa kufuata barabara. Ruvu ilikuwa na hadithi yake, Chalinze yake, Lugoba na Msata zake. Wami tulisimama, kama tulivyosimama kila mwaka, kwa sababu daraja la zamani lilikuwa jembamba na gari moja tu liliweza kupita. Lori likija upande wa pili unangoja. Baba alizima injini, sote tukashuka kuangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita chini, naye akatuambia tusogee nyuma, mto huu una mamba. Siku hizi kuna daraja jipya refu, magari yanapishana bila hata kupunguza mwendo, na watoto wangu hawajui kama wamevuka mto.

Baada ya Mkata na Kabuku ni Segera, njia panda ya Tanga, na hapo ndipo sauti ya Baba ilipobadilika, kwa sababu tulikuwa tunaingia katika nchi ya ujana wake. Kabla ya kuajiriwa bandarini alikuwa karani kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Tulipoyaona yale mashamba yamenyooka mistari mpaka chini ya milima, alishusha kioo na kunyoosha mkono nje. Alituambia mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Marekani mwaka 1893, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. "Sitini na mbili," alirudia, akatufanya tuhesabu mistari dirishani tukafika 62 ili tuone ni michache kiasi gani. Kutokana na hiyo, alisema, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Alitueleza korona, mashine ya kusaga majani, jinsi ilivyonguruma usiku na mchana na harufu yake ilivyomganda mtu kwenye nguo. Alitueleza singa, zile nyuzi za mkonge, zilivyoanikwa juani zikang'aa kama nywele za mzungu. Alitueleza 1967, mashamba mengi yalipotaifishwa, na jinsi bei ilivyoporomoka kwa sababu huko ng'ambo watu walikuwa wameanza kutumia kamba za nailoni. Yote hayo niliyakuta baadaye katika kitabu cha jiografia sekondari. Nilipoyasoma niliyasikia kwa sauti yake.

Halafu tunafika Mombo, na Baba ananyamaza.

Nililiona hilo kila mwaka, ila sikuliuliza. Mombo pana joto, mabasi yanasimama ili watu wapate kula, na wachuuzi wanakimbilia madirisha na peasi na matunda damu yaliyoshuka Lushoto. Kulia kuna barabara inayopanda mlimani. Mama alinunua kopo moja la matunda damu, hakuwahi kununua zaidi. Alikula taratibu, uso wake umeelekea kule kulia, juu, ambako milima ya Usambara inasimama kama ukuta. Kokwa hakuzitupa nje. Alizifunga kwenye pindo la kanga yake. Baba alijaza maji kwenye rejeta, akakagua matairi, akasema, "Haya, twende, nyumbani ni mbele." Tukaondoka.

Mama ni Msambaa. Kwao ni juu ya Soni, na Soni haifiki kilometa 20 kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Sikulifikiria hilo nikiwa na miaka 9. Nilijua Mama ana kwao, kama unavyojua kwamba mwalimu wako ana jina la kwanza. Alikwenda mwenyewe kwa basi kukiwa na msiba, akarudi amevimba macho. Nyumbani, kwetu sote, maana yake ilikuwa Usangi.

Mwaka ule tukio lilitupata mbele ya Mkomazi, tukikaribia Hedaru. Lami ilikuwa na mashimo, na lori lililokuwa mbele lilirusha jiwe au sisi tulilikanyaga, sijui. Tulisikia kishindo chini, na baada ya dakika chache kaka akasema nyuma kunanuka. Baba akasimamisha gari kando, chini ya mbuyu. Akaingia uvunguni kwa mgongo, suruali yake ya safari na yote. Petroli ilikuwa inadondoka kwenye tangi, tone moja baada ya jingine, ikizama vumbini. Hapakuwa na gari lingine, hapakuwa na nyumba, jua limesimama utosini. Mdogo wetu alikuwa analia. Baba alitoka, akakaa chini, akaegemea tairi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya.

Mama alikwenda nyuma ya gari, akafungua lile gazeti, akatoa mche mmoja wa sabuni ya Bibi. Akaukata kwa kisu cha chapati. Akaifinyanga mkononi kwa mate na maji kidogo, kama mtu anayefinyanga unga, mpaka ikalainika, akampa Baba bila kusema kitu. Baba aliikandika kwenye ufa. Tone likapungua, likakoma. Tukakaa chini ya mbuyu tukala mayai na kuku tukiitazama ile sabuni kama mgonjwa aliyelala. Hakuna tone lililotoka tena. Mikono ya Mama ilinuka sabuni na petroli, naye ndiye aliyenimenyea yai. Hiyo ndiyo harufu ninayoisema.

Tulikwenda polepole. Makanya, Same, kisha Mwanga, jua likizama na Kilimanjaro ikijitokeza mbele yetu kwa muda mfupi kabla ya giza. Fundi wa Mwanga aliitazama sabuni, akasema imekaa vizuri, tupande nayo hadi asubuhi. Basi tukaupanda mlima usiku. Zile kona za Usangi Pijo ilizipanda kwa gia ya kwanza, na kila iliposita kaka aliruka chini na jiwe kwenda kuliweka nyuma ya tairi. Bibi alitupokea na kibatari mkononi. Alipopewa miche mitatu badala ya minne na kusimuliwa, alimkumbatia Mama kwanza, kabla ya mtoto wake wa kumzaa.

Siku zilizofuata zilikuwa kama za Desemba zote: ukungu asubuhi, moshi wa kuni kwenye blanketi, makande yaliyopikwa usiku kucha, kwenda na binamu zangu kufungulia maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia, ilipofika zamu ya shamba la Bibi. Nazipenda siku hizo, lakini zimechanganyikana, siwezi kusema lipi lilikuwa la mwaka gani. Safari ya kwenda ndiyo imebaki nzima.

Baba alifariki 2009. Hadithi ya sabuni aliisimulia mpaka mwisho, kwenye harusi, kwenye misiba, na kwa haki yake alisema kila mara, "Mwalimu ndiye aliyetuokoa." Bibi naye hayupo. Usangi tunakwenda, si kila mwaka.

Desemba iliyopita nilikwenda na Mama na wanangu wawili. Ana miaka 75. Alikaa mbele, mkoba mapajani, wanangu nyuma na simu zao. Nilijaribu kusimulia kama Baba: Ruvu, Chalinze, zile miche 62. Wakasikiliza kwa adabu. Tulipopita Korogwe nikamwuliza Mama swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumwuliza: kwa nini Mombo Baba alikuwa ananyamaza?

Akakaa kimya muda, kisha akasema, "Baba yenu alikuwa anaona haya."

Akanieleza. Alimwona Baba kwa mara ya kwanza palepale Mombo, stendi, mwaka 1970, yeye akishuka kurudi chuo cha ualimu Korogwe, Baba karani kijana wa mkonge mwenye viatu vilivyopigwa rangi. Babu yangu mzaa mama hakutaka binti yake aolewe Upareni. Alipokubali, alitaja mahari, na Baba akalipa nusu, akaahidi nusu nyingine. Kisha kazi ya mkonge ikaisha, tukahamia Dar es Salaam, watoto tukaja, miaka ikawa migumu. Baba alisema hawezi kupanda kwa mkwe wake mikono mitupu. Alipokuja kuikamilisha, 1991, Babu alikuwa ameshafariki, aliipokea mjomba. Na baada ya hapo, akasema Mama, ilikuwa imeshakuwa mazoea. Gari lilijua njia ya Usangi tu.

"Na wewe hukumwambia mpande tu?"

"Ningemwambiaje, mwanangu? Alikuwa anaendesha saa kumi na mbili kwa furaha. Hapo tu ndipo alipokuwa mgonjwa."

Nikamwuliza kuhusu zile kokwa. Akashangaa kwamba niliziona. Akasema alizipanda kila mwaka Kinondoni, nyuma ya jiko, kwenye makopo ya maziwa. Nyingine zilichipua. Hakuna uliozidi urefu wa kidole, joto la pwani liliiua yote, na kila Januari alijaribu upya. Makopo yale nayakumbuka. Nilikuwa namwagilia mimi. Niliyadhani ni ya pilipili.

Tulifika Mombo saa saba. Joto lilelile. Nikanunua matunda damu ndoo nzima, nikawasha taa ya kulia.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Soni, Mama."

"Tunategemewa Usangi leo."

"Nitawapigia."

Hakusema kitu. Barabara ilianza kupinda, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, hewa ikaanza kupoa dirishani. Mwanangu mdogo akaweka simu chini kwa sababu ya kona. Karibu na maporomoko ya Soni Mama alishusha kioo, akanyoosha mkono nje, sawasawa na Baba kwenye mashamba ya mkonge, akaanza: pale tulikuwa tunapita na mizigo ya mboga kichwani kwenda mnadani, pale daraja lilichukuliwa na maji, tukalala kwa watu, ule mteremko, mjomba wako alivunjika mguu, jiwe lile lina jina, ngoja nikwambie jina lake.

Wanangu wakasogea mbele, viwiko juu ya kiti chake.