Maswali na Majibu ya Maktaba: Ziara ya Wiki ya Kwanza Haimfundishi Mtu Kutafuta

Barua kadhaa safari hii zimetoka kwa walimu na wakutubi wa vyuo vya kati, na karibu zote zinawalalamikia wanafunzi. Nimezijibu, ila sehemu kubwa ya lawama nimeirudisha kwetu sisi tunaofundisha.

Kila mwaka, wiki ya kwanza, tunawapitisha wanafunzi wapya maktaba kwa saa mbili: rafu, katalogi, kanuni za kuazima. Muhula wa pili hawakumbuki lolote. Tuongeze saa? – Mkutubi, chuo cha ualimu, Iringa

Msiongeze. Ziara iwe ya dakika 20: mlango, saa za kufungua, kadi, mahali pa kuuliza. Muda uliobaki uhamishieni kwenye wiki ambayo mwalimu wa somo anagawa kazi ya utafiti. Mtu hajifunzi kutafuta wakati hana anachokitafuta, na wiki ya kwanza mwanafunzi anawaza bweni, ada na ratiba.

Kipindi cha dakika 90 kinatosha kikigawanywa vizuri. Dakika 10 za mwanzo kila mmoja aandike swali lake kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni. Asiyeweza kuiandika asiguse kompyuta bado. Dakika 20 alichambue swali hilo apate dhana mbili au tatu, na chini ya kila dhana aorodheshe visawe vyake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Dakika 40 ni za kutafuta. Dakika 20 za mwisho achague vyanzo viwili, aeleze kwa maandishi kwa nini amevichukua hivyo na kuviacha vingine, kisha akabidhi karatasi.

Wanafunzi wasizidi 25, wawili kwa kompyuta moja. Wakikaa wanne, mmoja atachapa na watatu watatazama. Zijaribu kompyuta saa moja kabla, tena kwa akaunti ya mwanafunzi: akaunti ya mtumishi mara nyingi hufungua majarida ambayo ya mwanafunzi haifungui, na usipojaribu mapema utaligundua hilo mbele ya darasa zima. Weka makala sita kwenye flashi kwa ajili ya siku ambayo intaneti itagoma.

Jambo la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mwalimu wa somo awepo darasani mwanzo hadi mwisho. Akimwachia mkutubi darasa na kwenda zake, wanafunzi wanaelewa kwamba kipindi hiki hakina uzito. Na ile karatasi ipewe alama, hata ziwe 5 kati ya 100. Kazi isiyo na alama haifanywi, na hilo si kosa la mwanafunzi peke yake.

Je, Wikipedia inaruhusiwa? – Wengi

Isome uanze kulielewa jambo, chukua istilahi zake na vyanzo vilivyoorodheshwa chini ya ukurasa, visome vyanzo hivyo, uvirejelee hivyo. Jibu hili limeshatolewa hapa mara nyingi na halijabadilika. Naomba swali hili lisirudi.

Shikamoo mkutubi. Nimeandika "changamoto zinazowakabili wakulima wadogo Tanzania" kwenye kanzidata ya makala ya maktaba, imeleta sifuri. Kwenye Google yamekuja mengi mno. Nifanyeje? – Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro

Marahaba. Ulichoandika ni kichwa cha habari, na mashine imekitafuta kama kilivyo. Kwanza lifute neno "changamoto". Halitaji kitu chochote, na mwalimu anayepitisha vichwa vya "changamoto za" hili na lile anampoteza mwanafunzi kabla hajaanza.

Chukua zao moja, tatizo moja, mahali pamoja. Kwa mfano: kwa nini wakulima wa mihogo mkoani Pwani huendelea kupanda vipando vyenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia? Hapo una dhana tatu na mahali: muhogo, ugonjwa, vipando, Pwani. Utafiti mwingi wa kisayansi kuhusu ugonjwa huu umechapishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kwenye kanzidata anza na: cassava AND "brown streak" AND cuttings AND Tanzania. AND inapunguza matokeo kwa sababu inadai kila dhana iwepo. Alama za nukuu zinayafunga maneno yakae pamoja. Ukiziacha utaletewa kila makala yenye rangi ya kahawia.

Ukipata sifuri, ondoa dhana moja, na aghalabu ya kuondoa kwanza ni jina la mahali. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wakikosa huongeza maneno, na kila neno jipya linazidi kuwafungia. Yakija mengi mno, agiza kanzidata itafute kwenye kichwa na ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni mwa makala) tu.

Ukitafuta kwa Kiswahili kuna mtego ambao miongozo ya vyuo vyetu haiutaji, kwa kuwa mingi imenakiliwa kutoka ya kigeni. Miongozo hiyo inafundisha kuweka kinyota (*) mwishoni mwa shina ili neno lipatikane kwa sura zake zote. Kwa Kiingereza mbinu hiyo inafaa kwa sababu maneno hubadilika zaidi mwishoni. Yetu hubadilika mwanzoni: mkulima, wakulima, ukulima, kilimo. Kinyota cha mwisho hakiyakusanyi hayo, na kanzidata nyingi hazikubali kinyota cha mwanzoni. Kwa hiyo andika sura zote, uziunganishe kwa OR (yaani "au") ndani ya mabano: (mkulima OR wakulima OR kilimo) AND (muhogo OR mihogo). Mabano usiyasahau, bila hayo mashine itaamua yenyewe kipi kiungane na kipi.

Kwenye Google, OR iwe kwa herufi kubwa, na AND huna haja ya kuiandika. Ongeza site:go.tz kupata nyaraka za serikali au site:ac.tz kupata kazi za vyuo, bila nafasi baada ya nukta mbili.

APA au Harvard? – Mwanafunzi, Kisumu

Ule mtindo wa kuandika marejeo uliotajwa kwenye mwongozo wa chuo chako. Kama ni APA, tumia toleo la 7, ambalo halitaki tena mji wa mchapishaji.

Makala ninayoihitaji inauzwa dola 40. Mwenzangu amenipa nywila ya chuo kingine kupitia kundi la WhatsApp. Niitumie? – Mwanafunzi wa uuguzi, Eldoret

Usiitumie, na usilipe. Nywila zinazosambazwa namna hiyo zinaweza kukifanya chuo kizima kifungiwe, na watakaoumia ni wanafunzi wasiohusika.

Fuata njia hizi kwa mpangilio. Tafuta kichwa kamili cha makala kwenye Google Scholar, kisha bofya kiungo cha matoleo yote chini ya tokeo: mara nyingi nakala ya bure iko kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Kwa kuwa wewe ni wa afya, pitia pia PubMed Central, hazina ya bure ya makala za afya. Weka kiongezo cha Unpaywall kwenye kivinjari chako, kikuonyeshe penye nakala halali ya bure. Kwa majarida ya Afrika, fungua African Journals Online. Ikishindikana, mwandikie mwandishi kwa barua pepe iliyo kwenye ukurasa wa kwanza, sentensi mbili tu, wengi hutuma.

Halafu mwulize mkutubi wako kama chuo kimesajiliwa Research4Life, ambamo ndani yake kuna Hinari kwa ajili ya afya. Mpango huu hutoa majarida bure au kwa ada nafuu, kutegemea nchi, na husajili taasisi, si mtu mmoja mmoja. Chuo cha afya kilicho katika nchi inayostahili, ambacho hakijawahi hata kuomba, kinawanyima wanafunzi wake haki. Wakuu wa vyuo mnaosoma safu hii, liulizeni jambo hili kesho asubuhi.

Ninafundisha kwa orodha ya kukagua tovuti: ina tarehe? ina jina la mwandishi? inaishia na .org? Bado wanafunzi wanaleta upuuzi. – Mwalimu, Mombasa

Iweke kando orodha hiyo. Mwongo naye anajua kuweka tarehe, jina na nembo nzuri, na anwani ya .org hununuliwa na yeyote.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini, na mara nyingi mwonekano uliwahadaa. Wahakiki waliitoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu yake. Fundisha hilo. Mwanafunzi aandike jina la taasisi ndani ya alama za nukuu, kisha alama ya kutoa, kisha site: na anwani ya taasisi yenyewe. Atapata yale yasiyoandikwa na taasisi hiyo kujisifu. Dakika tatu kwa tovuti moja zinatosha.

Mwanafunzi ameleta rejea kumi zilizopangwa vizuri. Hakuna hata moja ninayoipata. – Mwalimu, Dodoma

Zimetungwa na akili mnemba. Huchukua mwandishi wa kweli na jarida la kweli, kisha hubuni kichwa. Mwaka 2023 jaji wa New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT, sembuse mwanafunzi wa stashahada.

Kagua hivi: bandika DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, kwenye doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu na toleo lililotajwa, tazama kurasa. Lakini usimhukumu mtu kwa programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Hukosea, na wanaoandika kwa lugha ya kigeni ndio huonewa. Badala yake dai kila rejea iambatane na nakala ya ukurasa wa kwanza wa makala. Tangaza sharti hilo siku ya kugawa kazi, si siku ya kusahihisha.

Nasoma community college hapa Columbus, Ohio. Mwalimu anataka makala tatu zilizopitiwa na wataalamu. Mkutubi ameniambia niende ofisini kwake, naona haya atajua kwamba sijui. – Mama wa watoto watatu

Nenda, mama, na uende wiki hii. Kukufundisha ni sehemu ya kazi yake, hakufanyii hisani. Chukua karatasi ya maelekezo ya mwalimu na sentensi moja ya swali lako. Bila karatasi hiyo hata mkutubi hodari atabahatisha.

Atakuonyesha kisanduku cha kuchuja makala zilizopitiwa na wataalamu. Kitie alama, ila ujue kwamba mara nyingi kinachuja jarida zima, si kila andiko lililomo. Tahariri na mapitio ya vitabu hupenya. Tazama kama kuna ikisiri, mbinu za utafiti na orodha ya marejeo, visipokuwepo, iache. Ukimaliza, nakili kiungo cha kudumu kinachotolewa pembeni mwa makala. Anwani iliyo juu ya kivinjari mara nyingi hufa ukishatoka kwenye kanzidata, na mwalimu ataikuta haifunguki.