Mama mboga asiyeona atajuaje noti aliyopewa?

SWALI: Mama yangu amepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, lakini bado anauza mboga kibandani. Juzi alipewa Sh200 akarudisha chenji ya Sh1,000. Je, kuna kifaa cha kumsomea noti? – Binti yake, Kayole.

JIBU: Vipo, dada, lakini kabla hujatoa pesa anza na vidole vyake. Noti za Kenya zilizoanza kutumika mwaka 2019 zina mistari iliyoinuka ukingoni: Sh50 mmoja, Sh100 miwili, Sh200 mitatu, Sh500 minne, Sh1,000 mitano. Ajifunze kwa noti mpya. Apapase polepole kwa ncha ya kidole, bila kukandamiza, maana akikandamiza mistari humchanganyikia. Asipoihisi, aigeuze noti.

Shida ni noti kuukuu. Ikishapita mikononi mwa makanga wengi, mistari hulala. Hapo mtengenezee kipimo. Noti zetu huongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, ila kwa milimita chache tu, kwa hiyo kukisia hakufai. Chukua kadi ngumu ndefu kuliko noti ya Sh1,000, gundisha njiti ya kiberiti mwisho mmoja iwe kizuizi. Egemeza kila noti kwenye njiti, inyooshe, kisha kata pengo dogo ukingoni pale inapoishia. Mapengo yatakuwa matano. Noti ikunjuliwe kabisa: pembe moja iliyojikunja huifanya Sh1,000 ionekane Sh500.

Kama ana simu yenye kamera nzuri, programu kama Cash Reader hutamka thamani ya noti. Nyingine zinajua dola na euro tu, basi zijaribu kwa noti zetu zote tano kabla ya kulipia. Ainue simu kama shubiri moja juu ya noti, penye mwanga, kidole kisizibe tarakimu. Avae kisikilizi sikio moja, wapita njia wasisikie mauzo yake. Na akumbuke kwamba simu humtajia thamani tu. Haimhakikishii kuwa noti si bandia.

Mshonee pia aproni ya mifuko mitano, kila noti na mfuko wake. Mteja ataje anachotoa, na mama asiitie noti mfukoni hadi chenji ikubaliwe. Ubishi ukizuka, noti yenyewe bado iko mkononi mwake.