Jarida la mitindo chuoni: jibu langu kwa mdogo wetu aliyeuliza aanzie wapi

Mdogo wangu uliyeuliza, nimeona swali lako na nimeona ulivyojibiwa, mmoja anakwambia fungua peji ya Insta tu magazeti yamepitwa na wakati, mwingine anakwambia tafuta mdhamini kwanza. Umesema upo mwaka wa pili, mko wanne, mmoja ana kamera, hela hamna, na mnataka jarida la wanafunzi litakaloonyesha watu wanavyovaa kivyao pamoja na mafundi na wabunifu wachanga wa hapa hapa Dar. Mimi nilikuwa kwenye timu ya jarida la namna hiyo nikiwa chuo (sikitaji), nilianza nikibeba mifuko ya nguo nikaishia uhariri, kwa hiyo mengi ya haya nimeyashika kwa mikono. Itakuwa ndefu, vumilia.

Tuanze na hilo la Insta. Peji fungueni, hamna shida, ila angalia kinachomkuta fundi mchanga huko. Anaposti gauni leo, kesho kutwa mtu kashapiga skrinshoti kampelekea fundi mwingine mtaani kwake "nataka kama hili", wiki inayofuata gauni liko kwenye send-off tatu na jina la aliyelibuni halipo popote. Karibu kila mbunifu tuliyekaa naye alilia kilio hicho, yaani picha inatembea jina linabaki nyumbani. Ukurasa uliochapwa unaupanga wewe, picha imekaa na jina, kibanda kiko mtaa gani, kushona inachukua siku ngapi, bei inaanzia ngapi, anayetaka kuchana ukurasa anachana na jina humo humo. Kwetu ilikuwa sheria, nguo haiingii kama hatujui nani kashona. Hata mtumba, kama umenunua soko la Karume andika Karume, na kama kuna mtu kaufumua akaushona upya yeye ndiye anaandikwa mbunifu. Kuna mama anashona pembeni ya hosteli, watu walikuwa wanamwita fundi tu miaka yote, tulipomwandika jina lake kamili wateja wakaanza kuja na jarida mkononi wakimuulizia kwa jina. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya jarida na ukiikosa hiyo una albamu ya picha tu.

Sasa hilo la hela, na hapa naomba unisome vizuri maana ndipo majarida mengi ya chuo yanapofia. Watu wanaiga wanachokiona kwenye majarida makubwa, wanachagua warembo na wakaka warefu wale wale wanaoshindania umiss wa chuo, afu wanazunguka kwa wabunifu kuazima nguo. Mbunifu anakuwa na nguo za sampuli, na sampuli huwa zinashonwa kwa mwili wa modo, kwa hiyo ukishaazima umeshachaguliwa nani wa kumpiga picha, yule rafiki yako mnene mwenye staili kali kuliko wote hosteli nzima hana nguo ya kuvaa. Jarida linasema kila mtu na mtindo wake huku ndani wote wanafanana kama sare ya harusi.

Sisi tukaugeuza mchezo. Tunaanza na mtu, sio nguo. Tunamtafuta anayevaa kivyake (utamjua tu, ni yule ambaye watu wanamgeukia kwenye foleni ya chakula), tunaenda naye kwa fundi au mbunifu mchanga, wanakaa wanaongea, fundi anampima, mtu ananunua kitambaa chake mwenyewe na nguo inabaki yake. Fundi anapunguza au anasamehe ufundi kwa sababu anapata kurasa mbili na picha safi za kutumia kwenye peji yake. Hamna kuazima, hamna kurudisha, hamna saizi ya modo. Na stori inajiandika yenyewe maana mmerekodi mabishano yote ya pale kwenye meza ya kukatia, huyu anataka mkono wa puto, fundi anamwambia kitambaa chako hakitoshi na hiki ni laini kitalala, wanakubaliana kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekuja nacho. Hayo mabishano ndiyo msomaji anayataka, sio "alianza kupenda mitindo tangu akiwa mdogo". Aisee hiyo sentensi ipige marufuku siku ya kwanza.

Kama kuna atakayekwambia hilo ni jambo la kimaskini, mwambie i-D, jarida la mitindo la London, ilianza 1980 hivyo hivyo, mwanzilishi wake Terry Jones alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida kubwa la Vogue la Uingereza akaondoka, akatoa kijarida kimebanwa kwa stepla, ndani watu wa mtaani wamesimama wima picha ya mwili mzima wanasema wamevaa nini na wamekipata wapi. Leo inajulikana dunia nzima. Na hapa jirani Nairobi kuna wale ndugu wawili wa 2ManySiblings, jina walilijenga kwa kupangilia mitumba kwa akili zao.

Wapi uwapate wabunifu wachanga. Usianze na majina makubwa, hawakuhitaji na watakuchelewesha. Nenda chuo cha ufundi VETA Chang'ombe wanafunzi wa ushonaji wapo, pale UDSM kuna digrii ya ubunifu na teknolojia ya nguo ambayo wanafunzi wengi hata hawaijui, yaani mtu anakaa hosteli moja na anayejua kubuni kitambaa chenyewe na hana habari. Afu kuna maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week, mbunifu Mustafa Hassanali aliianzisha 2008 na huwa mwishoni mwa mwaka, ndani yake kuna shindano la wabunifu wanaochipukia. Mimi nilikuwa nawafuata hasa ambao hawakushinda. Mshindi siku hiyo ana mahojiano kumi, aliyekosa ana koleksheni nzima imekaa kwenye begi na muda wa kuongea na wewe.

Mara mojamoja itabidi muazime, hasa vitu kama koti lenye kazi nyingi ya mkono. Hapo uwe na fomu ya ukurasa mmoja, nguo gani, ilikuwa na hali gani ilipotoka (piga picha mbele na nyuma mbele ya mwenyewe), inarudi lini, ikiharibika nani analipa. Viatu vya kuazima bandika masking tape kwenye soli kabla mtu hajakanyaga chini, ukiibandua kiatu kipya kabisa. Nguo inayovaliwa kwa kupitisha kichwani, mfunike mtu uso kwa kitambaa chepesi wakati anavaa au avae kabla ya kupakwa, maana faundesheni kwenye kola nyeupe haitoki. Nguo ikiwa kubwa ibane kwa nyuma kwa vibanio, kamera haioni mgongo. Na nenda na pasi, jamani, kitenge kilichokunjwa kwenye begi hakuna Photoshop itakayokiokoa.

Picha. Jua la Dar saa sita mchana linapiga utosini, macho yote yanageuka mashimo. Pigeni saa moja asubuhi hadi saa tatu au kuanzia saa kumi na moja jioni, mkikosa muda huo ingieni kwenye kivuli cha ukuta mrefu, mwanga wa kivulini ni mzuri kuliko mnavyofikiria. Kingine ambacho huyo mwenye kamera lazima akijue, kamera ikiona kanzu nyeupe au ukuta mweupe inadhani kuna mwanga mwingi inajipunguza, matokeo yake uso mweusi unazama. Aongeze mwanga kidogo mwenyewe kwenye seting za kamera, aangalie ngozi kwanza nguo baadaye. Rifleka ya bure ni ile kinga-jua ya rangi ya fedha ya kioo cha gari, mshikie mtu pembeni kidogo chini ya kidevu. Na kila mtu asaini karatasi kwamba amekubali picha yake itumike na itumike wapi, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na picha ya mtu ni taarifa yake.

Kuhusu mabango ya mavazi getini. Vyuo vingi vina lile bango la nguo zisizoruhusiwa na mtakumbana nalo, maana mtu "anayevaa kivyake" mara nyingi ndiye anayerudishwa getini. Wenzangu wengine walitaka tupigane nalo kwenye toleo la kwanza. Ushauri wangu, msitafute kesi ila msijifanye halipo. Sisi tulifanya mahojiano na walinzi wa getini, tuliwauliza wao wanaonaje, wanaamuaje suruali gani imebana, nyumbani wanavaa nini. Ikawa makala iliyosomwa kuliko zote, na mshauri wa wanafunzi alicheka akaomba nakala.

Kuchapa. Majarida yanayobanwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, kwa hiyo panga 24 au 28 au 32, ukija na 30 mchapaji atakuachia kurasa mbili nyeupe na kukulipisha. A5 inatosha kabisa na inaingia kwenye pochi. Acha milimita 3 za ziada kila upande maana kisu hakikati sawasawa, picha ziwe 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), sio zile zilizopita WhatsApp, WhatsApp inakamua picha (ukituma tuma kama dokumenti). Na hili la rangi muhimu kwa jarida la nguo, simu inaonyesha RGB (rangi za mwanga) na mashine inachapa CMYK (rangi za wino), yale machungwa makali na bluu ya kung'aa ya vitenge yanashuka yanakuwa kama yamefuliwa sana. Dai nakala moja ya majaribio ilipie, nenda nayo na kitenge chenyewe mkononi ulinganishe juani, sio chini ya taa ya duka. Kuna mchapaji mmoja alitukatalia nakala ya majaribio akasema anajua kazi yake, tukahama kwake palepale.

Hela ya kuchapa tuliipata kwa oda za kabla, mtu analipa nusu kwa simu anaandikwa, mkifika idadi ya kulipia mashine ndo mnachapa. Matangazo chukueni ya wadogo wenzenu, saluni, duka la vitambaa, mwenye studio ya picha. Kuna mfanyabiashara alitaka kulipia toleo zima kwa sharti kava iwe nguo za duka lake na jina la fundi lisitajwe. Tulikataa na toleo likachelewa mwezi mzima, na mpaka leo naona ilikuwa sawa.

Sheria kidogo, mimi sio mwanasheria. Jarida likibaki la ndani ya chuo anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi mpate baraka kwa maandishi. Mkitaka kuuza nje kila mwezi au kila muhula, pita Idara ya Habari Maelezo muulize kabla, kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta leseni kwa machapisho, na mkiweka mtandaoni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, nao wana kanuni za maudhui tangu 2018. Kuuliza ni bure.

Umeuliza pia Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili, kwa sababu rahisi tu, fundi uliyemwandika asome mwenyewe ulichosema juu yake na akioneshe kwa wateja. Tulipokuwa tunaandika Kiingereza sifa zote zilikuwa "unique" na "bold", tulipohamia Kiswahili ikabidi tuseme hasa nguo ina nini, pindo limekaaje, bitana ya aina gani, kwa nini mfuko uko pale. Mafundi wakaanza kutupigia kusahihisha, na toleo lililofuata tukawapa ukurasa wao wa masahihisho.

Ile fomu ya kuazima nguo na ile ya ridhaa ya picha bado ninazo kwenye Word, njoo PM nikutumie ubadilishe majina.