Mninga: ulichofukia ni ganda zima

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi nafuga nyuki na kulima tumbaku hapa wilaya ya Sikonge, Tabora. Mwaka jana mwezi wa saba niliokota gunia la matunda ya mninga, nikachagua mia mbili na kuyafukia mazima kwenye viriba mvua zilipokaribia. Yaliota saba tu. Kufika mwezi wa sita mwaka huu miche yote saba ikakauka. Nimekosea wapi? Halafu jirani yangu ana matunda kama haya ila hayana ile miiba ya katikati, anasema ni ya mninga dume. Ni kweli? Na hilo jina Pterocarpus kwenye kibao cha kitalu lina maana gani? Miti yote ya jina hilo huzaa hivi?

JIBU: Marahaba, kijana. Nianze na ile saba iliyokauka, maana nina wasiwasi kwamba unataka kuvimwaga viriba vyake. Usivimwage. Chukua kimoja, fukua udongo kidogo kwa kidole mpaka uone shingo ya mzizi, kisha ukwaruze kwa ukucha. Ukikuta unyevunyevu chini ya ganda, mche huo ni mzima. Kilichokufa ni kijiti cha juu peke yake.

Ndivyo mninga unavyoanza maisha. Kwa miaka kadhaa shina lake changa hufa kila kiangazi na kuchipua upya mvua zinaporudi, huku chini mzizi mkuu ukinenepa na kuzama. Ukishajiwekea akiba ya kutosha ndipo shina linapopanda na kutorudi nyuma. Porini huoni hayo, kwa sababu kijiti chenyewe huwa katikati ya nyasi na moto hukipitia. Kitalu kikiwa nyuma ya nyumba, unaona kila kitu na kudhani msiba umeingia. Viweke viriba kivulini, vipe maji kidogo mara mojamoja ili udongo usiwe jivu, usubiri mwezi wa kumi na moja.

Sasa tuje kwenye hizo mia moja tisini na tatu ambazo hazikuota kabisa.

Chukua tunda moja katika yaliyobaki guniani, uliweke mezani. Upana wake ni kama kisosi cha chai, sentimeta nane hadi kumi na mbili hivi, mengine huzidi hapo. Pembeni kote kuna bawa jembamba, kavu, lililojikunja kingo kama ukingo wa kofia ya pama iliyolowa mvua ikakaushwa juani. Katikati pameinuka, pamejaa nywele ngumu zilizosimama kama za brashi ya kufulia. Pitisha kidole pole, maana zinachoma na ncha zake hubaki ndani ya ngozi. Chini ya nywele hizo kuna ganda gumu kama mti, na ndani ya ganda vyumba vidogo. Mbegu imelala humo: moja, mara nyingine mbili, ni nadra kuzidi hapo. Ina umbo la figo, rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, urefu wa kama sentimeta moja. Kitu kikubwa chote hicho kwa ajili ya mbegu ndogo kuliko ya harage!

Mninga ni wa jamii ya mikunde, sawa na mtundu na muba unaotundikia mizinga yako. Lakini mikunde haina tabia moja. Ukikaa chini ya mtundu mwezi wa tisa, jua likiwa kali, utasikia ganda likipasuka kwa kishindo, vipande viwili vikajisokota na mbegu zikarushwa kando. Mkora nao hufungua ganda lake nene, ukaziona zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto huzichezea. Mninga haufungui. Tunda huning'inia mtini hata majani yakishapukutika, kisha upepo hulivunja kikonyo, likazunguka na kuanguka likiwa limefungwa vilevile. Haliendi mbali sana, mengi utayakuta yamezagaa makumi machache ya mita kutoka kwa mama yao. Pale chini hukaa mpaka unyevu, mchwa na kuoza vilidhoofishe. Kazi hiyo huchukua msimu, pengine zaidi, na wadudu huwahi kula kilichomo.

Ndugu wa karibu wa mninga katika jambo hili anauzwa barabarani hapo Tabora mjini kwa kikombe: karanga. Wataalamu wa uainishaji wanaiweka karanga kundi moja na mninga na mpingo, karibu zaidi kuliko inavyokaribiana na harage au kunde. Nayo haipasuki yenyewe, lazima ibanguliwe. Sasa wewe umefukia mia mbili za karanga na maganda yake, tena maganda ya mbao.

Sikucheki, mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini. Tena mimi nilizidisha: niliyamwagia matunda maji ya moto, kama tunavyofanya kwa mbegu za migunga. Nilipata supu. Mbegu ya mgunga ina koti gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana joto huisaidia. Koti la mbegu ya mninga ni jembamba, kufuli lake ni lile ganda la nje. Ukichemsha unaipika mbegu, na ganda linabaki palepale.

Kwa hiyo bangua. Kabla ya kuokota gunia jingine, kata matunda kumi kutoka kila mti uone ndani. Kuna miti ambayo matunda yake mengi ni matupu au yametobolewa na wadudu, na huo usihangaike nao. Ukipata mti mzuri, vaa glavu za ngozi. Pogoa bawa lote kwa mkasi wa kupogolea mpaka kibaki kitovu cha katikati. Nywele zisugulie kwenye gunia kuukuu. Wengine huzibabua haraka motoni, sipendi sana, sekunde chache za kuzembea na mbegu imekwisha. Kisha shika kitovu kwa koleo, ukipunguze ukingoni kidogo kidogo kwa mkasi huohuo, ukifuata upande mwembamba, mpaka uone chumba. Hapo acha kukata, panua kwa ncha ya kisu. Siku ya kwanza utakata mbegu nyingi katikati. Ya pili chache. Ni kazi ya uvumilivu na haina njia ya mkato ninayoiamini.

Mbegu uliyoitoa iloweke usiku mmoja kwenye maji ya kawaida, upande kwenye mchanga laini kina cha sentimeta moja hivi. Nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili tatu. Viriba viwe virefu, kwa sababu mzizi ule ukigonga chini hujikunja, na mche wenye mzizi uliojikunja utakusumbua hata ukishaupeleka shambani. Mbegu zisizopandwa zikaushe vizuri, zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, zikae mahali pa baridi. Hutunzika.

Habari ya mninga dume: hapana. Ua moja la mninga lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, na nyuki wako wanalijua hilo kuliko jirani. Tunda lisilo na nywele lina maelezo mengine. Pengine ni la zamani, nywele zimekatika chini kwa kusuguliwa. Ukilitazama vizuri utaona visiki vyake. Pengine ni la mti mwingine wa jenasi hiyohiyo ya mninga, yaani kundi la miti ya ukoo wa karibu liitwalo Pterocarpus: huo ni Pterocarpus rotundifolius, ambao tunda lake ni dogo na katikati ni laini. Kama bawa si moja la kuzunguka bali ni manne yaliyosimama kama mapanga ya feni, huo si mkunde kabisa, ni mlama.

Mkurungu nao ni Pterocarpus, na ule una nywele kama mninga, kwa hiyo usitegemee tunda peke yake kuutofautisha. Hesabu vijani kwenye jani moja. Mninga una vingi, kumi na zaidi, hukaribia hata ishirini. Mkurungu una vichache na vikubwa. Utomvu mwekundu hautakusaidia, yote miwili hutoka damu.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, pteron ni bawa, karpos ni tunda. Jenasi ina zaidi ya aina 30, zimesambaa Afrika, Asia na Amerika, na karibu zote huzaa kisahani kisichopasuka. Kinachobadilika ni mapambo. Pterocarpus erinaceus wa Afrika Magharibi ana miiba kiasi kwamba walimpa jina la kalunguyeye. Pterocarpus indicus, ambao ndio mti wa taifa wa Ufilipino, una miti yenye tunda laini na mingine yenye miiba ndani ya aina ileile moja. Ninaoupenda mimi ni Pterocarpus santalinoides, unaoota kando ya mito Afrika Magharibi na hata Amerika Kusini. Bawa lake limesinyaa, tunda limenenepa na kuwa jepesi kama kizibo. Mti huo umeachana na upepo, matunda yake huelea majini.

Ukipita tena kwa jirani, chukua tunda lake moja na jani zima pamoja na kikonyo chake, usichume kijani kimoja tu. Vibanie ndani ya daftari vikauke, uniletee nivione.